Uwanja Haukuletwa na Meli

Imekuwa desturi katika vyuo vyetu kusema kwamba mji wa Waswahili ulikuwa na misikiti, na nyumba za mawe, na vichochoro, lakini haukuwa na uwanja. Wasemao hivyo huongeza kwamba uwanja mkuu, yaani mahali pa wazi ambapo umma wa mji hukutana, ni jambo lililofika pwani hii pamoja na Wazungu, katika shehena moja na saa ya mnara, bustani ya maua na sanamu ya shaba. Kauli hii husemwa kwa sauti ya upole, na waisemao aghalabu si adui zetu. Baadhi yao ni walimu wenzangu. Baadhi ni wanafunzi waliosoma kwa bidii kila kitabu walichopewa. Lakini upole wa sauti hauondoi ubaya wa neno. Nakusudia katika insha hii kuipinga kauli hiyo waziwazi, kwa kuwa si kosa la tarehe peke yake. Ni hati inayoandikwa polepole ya kutunyang'anya mali.

Mali yenyewe ni mahali. Tangu mdomo wa Mto Umba, kupita Tanga, Tongoni na Pangani, hata Saadani, miji ya Mrima ina mahali pa wazi ambapo watu walikuwa wakipokea vyombo, wakisikiliza mbiu, wakicheza ngoma, wakisoma maulidi na kuamua mashauri yao. Mahali hapo hapana ukuta, hapana tarehe iliyochongwa juu ya mlango, wala hapana jina la gavana. Kwa sababu hiyo anayetafuta tarehe kwa kusoma mawe hupita hapo akaona mchanga mtupu. Akisha kuandika kwamba hapana kitu, mwingine hufuata nyuma yake na kamba ya kupimia. Ardhi isiyo na habari huuzwa rahisi.

Tuanze kwa kumpa mpinzani kipimo anachokipenda mwenyewe. Ulimwenguni hakuna miji iliyosifiwa zaidi kwa viwanja vyake kuliko ile ambayo Wahispania waliijenga katika Amerika. Mwaka 1573 Mfalme Philip II wa Hispania alitoa kanuni za kuanzisha miji mipya. Kanuni zile ziliamuru kwamba mji upimwe kuanzia uwanja mkuu. Urefu wa uwanja uwe walau mara moja na nusu ya upana wake, kwa kuwa umbo hilo lafaa kwa sherehe za farasi. Upana usipungue futi 200, wala urefu usipungue futi 300. Njia kuu nne zitoke katikati ya pande zake nne. Juu ya haya yote palikuwa na sharti jingine, ambalo wasifu wa Hispania hulisahau: mji ukiwa pwani, uwanja mkuu uwekwe penye bandari, pale ambapo watu hushuka kutoka vyomboni.

Naomba msomaji asimame hapo kidogo. Mahali ambapo watu hushuka kutoka vyomboni huitwaje kwa Kiswahili? Huitwa forodhani. Kama ni hivyo, kanuni ya Mhispania ilikuwa ikitafuta kwa futi na kamba jambo ambalo Mpangani alikuwa nalo mbele ya macho yake. Mji wa Pangani umekaa mahali ambapo mto unakutana na bahari. Ng'ambo ni Bweni, na nyuma yake ni njia ambayo misafara ilipita kwenda bara kutafuta pembe za ndovu. Ukingo wa mto mbele ya mji ndio uliokuwa mlango wake, soko lake na baraza lake kuu. Haukuwa na pembe nne zilizonyooka. Lakini yule mfalme alitaka pembe nne kwa ajili ya michezo ya farasi. Na mji usio na haja ya kuchezesha farasi hauna deni la pembe.

Yuko atakayesema kwamba nalinganisha mambo yasiyolingana, kwa sababu Wahispania hawakuwa na shughuli katika pwani yetu. Jambo hili si kweli kamili. Mwaka 1580 Philip II alitwaa pia kiti cha ufalme wa Ureno, na kwa hivyo akawa bwana wa Wareno waliokuwa wakitoza ushuru katika bahari yetu. Mwaka 1593, chini ya ufalme wake, ilianza kujengwa Ngome ya Yesu katika mji wa Mombasa, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Mfalme aliyeamuru viwanja huko Amerika ndiye ambaye jina lake lilitawala ujenzi wa ngome hapa kwetu. Mombasa haikupewa uwanja mkuu wenye njia nne. Ilipewa kuta nene na mizinga iliyoelekezwa baharini na mjini. Tujifunze nini? Uwanja haukuwa tabia ya Mzungu ambayo ilimfuata kila alikokwenda kama kivuli. Ulikuwa chombo cha utawala. Alipokusudia kukaa na kuwakalisha watu wake, alipima uwanja. Alipokusudia kulinda ushuru wake tu, alijenga boma.

Wala huko Amerika uwanja haukuletwa kwa watu wasiokuwa nao. Wahispania walipouteka mji wa Tenochtitlan katika mwaka 1521, waliukuta una mahali pakubwa pa wazi kando ya hekalu kuu. Waliweka uwanja wao hapohapo, na mawe ya hekalu yakaingia katika majengo yao. Uwanja huo, ulio katikati ya mji wa Mexico wa leo, kwa jina rasmi ni Uwanja wa Katiba, kwa kumbukumbu ya katiba ya Hispania ya 1812. Lakini watu hawauiti hivyo. Katika mwaka 1843 serikali ilikusudia kusimamisha hapo mnara wa uhuru. Kikajengwa kitako chake tu; mnara haukusimama. Watu wakauita uwanja Zócalo, maana yake kitako cha nguzo, na jina hilo likashinda katiba. Halafu mwaka 1978 wafanyakazi wa umeme walikuwa wakichimba karibu yake, wakalikuta jiwe kubwa la mviringo lenye sura ya Coyolxauhqui, mungu wa kike wa wenyeji. Baada ya hapo hekalu lililofunikwa kwa zaidi ya miaka 450 likaanza kufukuliwa. Kwa hiyo hata huko, kwenye mfano bora wa mpinzani wetu, mgeni alijenga juu ya uwanja wa mwenyeji, kisha wajukuu wakaambiwa kwamba mgeni ndiye aliyeuleta.

Turudi nyumbani na kumwita shahidi asiyehongwa, yaani lugha. Watu hawatungi majina mengi kwa kitu wasichokuwa nacho. Kiswahili kina uwanja, na kiwanja, na uga, na medani. Kina forodhani na barazani. Hapa ni mahali pa ngoma, hapa ni mahali pa mapigano, hapa ni mahali pa kushusha mali, hapa ni mahali pa mashauri. Tazama neno baraza peke yake. Kwanza ni kikao cha mawe au cha udongo mbele ya mlango wa nyumba, ambapo mwenyeji hukaa na wageni wake pasipo kuwaingiza ndani. Kisha ni watu wenyewe wanaokaa hapo. Kisha ni shauri wanalolitoa. Leo Jamhuri yetu ina Baraza la Mawaziri. Neno ambalo nchi nzima hulitumia kuwa jina la kikao chake kikuu limetoka katika kikao cha mlangoni cha mji wa pwani. Je, watu walioipa serikali neno hilo ni watu wasiojua mahali pa umma?

Tazama tena neno kiwanja. Tangu zamani limebeba maana mbili: mahali pa wazi pa kukutania, na kipande cha ardhi cha kujengea nyumba. Maana hizo zilikaa pamoja kwa amani kama ndugu wawili. Siku hizi ndugu mdogo amekuwa tajiri na anamfukuza mkubwa. Mtu akisikia kiwanja, hufikiri namba, hati na bei. Mabadiliko ya maana si kosa la lugha, kwa kuwa lugha hufuata maisha. Lakini mwalimu wa lugha aonaye maana moja inauawa na nyingine, akanyamaza, amekula njama.

Sasa nakuja Pangani katika mwaka 1888, kwa sababu hapo jambo hili halikuwa la kamusi tena. Lilikuwa la damu. Katika Aprili ya mwaka huo Sultani Khalifa bin Said wa Unguja aliikodisha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa Mrima na ushuru wake. Kazi ilikuwa ifanywe kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Siku ya kushika madaraka, katika Agosti, wakala wa Kampuni katika Pangani, Emil von Zelewski, alitaka bendera ya Kampuni ipepee vilevile, na akagombana na Liwali juu ya mahali pa bendera ya Sultani. Askari wa manowari ya Kijerumani waliteremshwa. Watu wa mji waliwashutumu kwamba wameingia msikitini na viatu vyao na mbwa, wakimtafuta Liwali. Mwanzoni mwa Septemba mji ulikuwa umejaa watu wenye silaha, waliotoka mjini na mashambani. Wajerumani wakazuiwa nyumbani mwao hata alipokuja Jenerali Lloyd Mathews kutoka Unguja kuwaondoa.

Mambo matatu yaliyowasha moto huo, bendera, ushuru na msikiti, yote yalikuwa ya mahali pa umma. Hakuna aliyepigana kwa sababu Mjerumani amekaa chumbani mwake. Walipigana kwa sababu alitaka kusimama mbele ya watu wote, mahali ambapo watu wote hupita, na kuonyesha kwa mti na kitambaa kwamba pale ni pake. Kama mji wa Pangani haukuwa na uwanja, bendera ile ilikuwa ikimwudhi nani? Bendera huudhi ikiwa pana mahali ambapo macho ya umma hukutana.

Mwisho wa habari ni mzito kuliko mwanzo. Hermann von Wissmann alikuja na jeshi la kukodiwa, akaitwaa Pangani katika Julai 1889, na Tanga katika mwezi huohuo. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyekuwa kiongozi wa mapigano, alikamatwa katika Desemba, akanyongwa Pangani tarehe 15 ya mwezi huo. Kwa nini aliletwa Pangani? Mtu aweza kunyongwa popote penye mti na kamba. Aliletwa kwa sababu adhabu ilitaka mashahidi, na mashahidi walikuwa watu wa mji ule ambao ulianza. Mshindi alijua vizuri mahali palipokuwa na nguvu ya kusema. Aliyemnyonga Abushiri mbele ya macho ya Pangani alikiri kwa kitendo chake jambo ambalo wasomi wetu hulikana kwa kalamu, nalo ni kwamba mji ule ulikuwa na umma wenye macho ya kuogopwa.

Sitaki kuupaka uwanja wetu wa kale rangi ya peponi. Katika forodha ya Pangani zilipita pembe, na sukari, na watu waliofungwa. Mtumwa alikanyaga mchanga uleule pasipo haki ya kusema juu yake. Katika mabaraza palikuwa na kikao cha jumbe na kikao cha mgeni. Wanawake walisikiliza mengi kutoka nyuma ya milango. Mwanatarehe Jonathon Glassman, katika kitabu chake Feasts and Riot cha 1995, ameeleza kwamba ghasia za 1888 zilikuwa na mizizi katika ugomvi wa wenyeji wenyewe juu ya karamu, heshima na haki ya kuhesabiwa mwungwana wa mji. Baadhi ya watu hulichukua neno hilo kuwa hoja dhidi yangu. Mimi nalichukua kuwa hoja yangu. Watu hawagombanii nafasi katika kitu kisichokuwapo. Mtumwa aliyetaka kucheza ngoma mahali pa waungwana, na mtu wa bara aliyetaka kuhesabiwa katika karamu, walijua kwamba pana mahali ambapo mtu akionekana amekuwa mtu. Mahali hapo ndipo uwanja.

Wapinzani wetu huleta neno jingine: hapana maandishi. Neno hili likitoka kinywani mwa mgeni lina udhuru. Likitoka kinywani mwa mwalimu wa Kiswahili halina. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Mrima alizitungia habari za vita hivyo utenzi mrefu, nao ni Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, uliochapishwa 1955 pamoja na tafsiri ya J. W. T. Allen. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alieleza desturi za pwani katika kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903; ngoma, karamu na cheo cha jumbe vimo humo. Vitabu hivi vimo katika maktaba zetu. Husomwa kwa ajili ya vina, mizani na sarufi, kisha hufungwa. Mwanafunzi huulizwa mtunzi ametumia tamathali gani. Haulizwi watu katika utenzi wamesimama wapi. Tunaikata lugha na ardhi yake, kisha tunalia kwamba ardhi haina lugha.

Naona pia kwamba tumejifunza kutazama mahali pa umma kwa kutafuta sanamu. Basi tuichukue sanamu na kuona inatwambia nini. Wissmann huyo aliyeitwaa Pangani alisimamishiwa sanamu Dar es Salaam katika mwaka 1909. Yeye juu, na chini yake askari Mwafrika akimtazama. Waingereza walipouteka mji katika vita vya kwanza vya dunia waliiondoa, wakaipeleka kwao. Baadaye Wajerumani walirudishiwa, na mwaka 1922 ikasimama mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Wanafunzi wa chuo hicho waliiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena mwaka 1968, wala haikusimama tena pale. Dar es Salaam, Waingereza walisimamisha mwaka 1927 sanamu ya askari, kazi ya James Alexander Stevenson, yenye maneno ya Rudyard Kipling. Katika miaka isiyotimia 20 mji mmoja ulibadilishiwa bwana wa shaba, na watu waliopita hapo hawakuulizwa mara ya kwanza wala mara ya pili.

Lakini katika mji huohuo watu walifanya kumbukumbu yao pasipo shaba. Maelfu ya wapagazi walichukuliwa kubeba mizigo ya vita, na wengi hawakurudi. Mahali ambapo kikosi chao kilikaa palibaki na jina lake, Kariakoo, kwa matamshi ya Kiswahili ya jina la Kiingereza la kikosi hicho. Nairobi nako kuna jina hilo. Hakuna gavana aliyelichonga katika jiwe. Limechongwa katika ulimi, na kila mwenye kwenda kununua samaki au kitambaa hulitaja pasipo kujua kwamba anawataja waliokufa. Nani mwenye uwanja hapa? Yule aliyeweka kitako, au yule aliyeweka jina? Watu wa Mexico na watu wa Dar es Salaam wametoa jibu moja, ijapokuwa hawajapata kuonana.

Sasa Tanga yenyewe. Wajerumani walipoiweka chini ya mkono wao waliipima kwa mistari iliyonyooka. Reli ilianza kujengwa hapo mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896 na Moshi mwaka 1911. Ukisoma vitabu vya wageni utasikia kwamba hivi ndivyo mji ulivyopata sura. Kuna ukweli ndani yake, nami siuziki. Bandari, reli na mkonge vimeifanya Tanga kuwa Tanga. Lakini tazama reli imepita wapi. Upande mmoja ni bandari, ofisi, mnara wa saa, bustani inayotazama maji, na nyumba za wakubwa kuelekea Raskazone. Upande wa pili ni Ngamiani, penye watu wengi, ambapo barabara hazikupewa majina ya wafalme wala ya maua. Zilipewa namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Bustani ilipandwa ili mtu mmoja apumzike, na reli ilikata mji ili watu wengi wasikutane. Waingereza walioshika nchi baada yao hawakuung'oa mpango huo. Waliendelea kutawala mji wa sehemu za Wazungu, za Wahindi na za Waswahili. Huyu ndiye mleta uwanja tunayeambiwa tumshukuru!

Na watu wa Tanga walifanya nini? Walikutana. Walifanya hivyo kwa ngoma ya beni, pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti, vilivyochukua gwaride la bwana na kulifanya mchezo wa mtaa. Na waliokuwa wakitawala hawakujua wacheke au waogope. Walifanya hivyo bandarini mwaka 1939, makuli walipoacha kazi kudai ujira. Walifanya hivyo kwa taarabu, hata vikundi vya Black Star na Lucky Star vikaichukua sauti ya Tanga pwani nzima. Mji huu una uwanja unaoitwa Tangamano. Sijui jina lililo bora zaidi kwa mahali pa umma katika lugha yoyote. Halimtaji mshindi, halitaji vita, halitaji katiba. Linataja tendo: kuchangamana kwa watu mbalimbali wakawa kitu kimoja. Mtu aliye na neno hilo kinywani hahitaji kufundishwa maana ya uwanja na kanuni ya 1573.

Imebaki hoja moja yenye uzito, nami sitaidharau. Yuko asemaye: miji yetu inakua, watu wanataka nyumba, maduka na masoko; uwanja mtupu ni anasa, na tarehe haijazi tumbo. Namjibu kwa heshima. Kwanza, uwanja si mtupu. Hujazwa na kuachwa, kama kikombe. Anayekiona kikombe kikiwa kikavu hasemi kwamba hakina kazi. Pili, si ukosefu wa ardhi unaokula viwanja vyetu vya pwani, kwa kuwa Mrima si kisiwa kidogo. Vinaliwa kwa sababu ardhi ya watu wote haina mtu mmoja wa kuilalamikia. Tatu, ni maskini anayepoteza kwanza. Tajiri ana ua wake, ana ukumbi wa kukodi, ana pwani aliyoizungushia ukuta. Asiye na kitu ana mahali pa wazi tu pa kuozea binti, kuswalia Idi, kuchezea mpira na kumsikiliza aombaye kura yake. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inalo neno juu ya ardhi ya umma, na ni jambo jema. Lakini sheria huhitaji shahidi, na shahidi wa uwanja ni habari zake.

Hapo ndipo kazi yetu ilipo, sisi tunaokula mkate wa lugha. Mhandisi atapima, wakili atateta, mwanasiasa atahutubu. Nani atakayeandika mahali pale paliitwaje kabla ya kuitwa kwa jina la leo? Nani atakayewauliza wazee wa Pangani, Tongoni na Mkwaja ngoma gani zilichezwa wapi, mbiu ilipigwa na nani, vyombo vilishushwa upande gani, na ni nani aliyekatazwa kupita? Shaaban Robert, mwana wa Tanga aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hata 1944. Hakuona kwamba mtu wa forodhani hana la kuandika. Sisi wenye shahada tumeona hivyo.

Nawaambia wanafunzi wangu, na wanafunzi wa wengine wakipenda kusikia: chagueni mahali pamoja pa wazi, palipo karibu na kwenu, mkapaandikie tasnifu. Msianze na jengo. Anzeni na miguu: nani alipita, alibeba nini, alisimama wapi, alifukuzwa na nani. Msiwafiche watumwa kwa kuwaonea haya mababu, wala msiwafiche mababu kwa kuwapendeza wageni. Andikeni kwa Kiswahili, ili anayeishi kando ya uwanja huo aweze kuwasahihisha. Kazi ikikamilika, nakala moja iwekwe chuoni na nyingine ipelekwe kwa halmashauri ya mji. Siku kamba ya kupimia itakapoletwa, iwakute na karatasi mkononi.

Na wale wasemao kwamba Mswahili hakuwa na uwanja, nawaalika waende Pangani wakasimame ukingoni mwa mto, mahali ambapo pantoni ya Bweni hupakia na kushusha watu. Wahesabu wanaoshuka, wanaongoja, wanaouza, wanaosalimiana na kupeana habari za mauti na arusi. Kisha wachukue kanuni ya Mfalme Philip wasome sharti lake la mji wa bandari, na waniambie ni neno gani lililopungua. Wakinijibu kwamba zimepungua pembe nne tu, nitakubali, na tutakuwa tumekwisha kupatana katika yote yaliyobaki.